Miaka Miwili Niliyomwongezea Wawira

Kendi,

Kocha Mutiso wa klabu yako mpya ya Nairobi alinipigia simu leo saa nane na dakika arobaini mchana. Alisema fomu yako ya usajili iko tayari, timu ya wakubwa imekutengea jezi, na kwenye nafasi ya umri amekusaidia kuandika kumi na minane. Nilimuuliza amemsaidia nani hasa. Akacheka.

"Mama Kendi, si ni miezi minne tu imebaki? Tukiandika kumi na saba atakaa na timu ya watoto mpaka Agosti. Ligi itakuwa imefika nusu. Miezi minne ni nini?"

Nikamwambia nitampigia. Sikumpigia papo hapo. Wewe umeshuka Makutano kununua soksi na kuagana na wenzako, baba yako yuko Nchiru kwenye kikao cha kazini, nami nimekaa mezani jikoni. Nilitoa daftari langu la kazi, nikalirudisha kwenye mkoba, nikachukua karatasi hizi. Kesho baada ya ibada ya kwanza unaondoka. Nitaiweka bahasha hii kwenye mfuko wa pembeni wa begi lako, ule unaowekea kinga ya meno na vitu usivyotaka tuvione.

Mambo ya kila siku sitayaandika. Kupika unajua, kufua unajua, na barabara za Nairobi utazijua kwa miguu yako mwenyewe. Nataka kukueleza kuhusu gongo lako la kwanza la hoki.

Unalikumbuka. Lile fupi lenye mkanda wa samawati, ambalo bado liko nyuma ya mlango wa stoo. Ulikuwa na miaka mitano. Fundi seremala alilikata kwa msumeno likufikie kiunoni, na mwaka mzima ulililaza kitandani kando yako. Ulipouliza lilitoka wapi, nilikwambia lilitoka kwa mchezaji mmoja wa Embu. Ilikuwa kweli, lakini ilikuwa nusu. Katika kazi yangu ya gazeti nusu ya kweli ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu haina kosa ambalo mtu anaweza kuomba lisahihishwe.

Mchezaji huyo anaitwa Wawira. Nilimwona mara ya kwanza miaka kumi na miwili iliyopita, kwenye uwanja wa shule moja ya wasichana upande wa Embu. Uwanja ulikuwa na mteremko. Timu iliyocheza kuelekea chini ilikuwa na faida ambayo kila mtu aliijua na hakuna aliyeitaja. Wawira alifunga mabao mawili akicheza kuelekea juu, yote kwa kona fupi.

Kona fupi unaijua kuliko mimi. Mimi ninaieleza vile ninavyomweleza msomaji asiyefuata mchezo wa magongo: mpira unatolewa kutoka mstari wa nyuma, unasimamishwa kwenye ukingo wa duara, na mpigaji anajikunja mpaka goti lake la nyuma linakaribia ardhi. Anauburuta mpira kwa gongo, kisha mwili wote unajinyonga na kuurusha langoni. Watazamaji hufuata mpira kwa macho. Nguvu hutoka kiunoni.

Mechi ilipokwisha nilimfuata mwalimu wao wa michezo, Mwalimu Njeru. Alikuwa anakusanya magongo na kuyafunga kwa kamba kama kuni.

"Yule aliyefunga ana miaka mingapi?"

"Wawira? Andika kumi na saba."

"Mwalimu, nimeuliza ana miaka mingapi. Sijauliza niandike nini."

"Ai, madam! Wewe ni mwandishi ama ni polisi?" Akaweka kamba chini. "Kumi na tano, kama unataka kujua. Lakini kuna klabu Nairobi inamtaka saa hii. Chini ya kumi na sita ni barua ya mzazi, barua ya mwalimu mkuu, daktari, kamati. Wakimaliza kukaa hiyo kamati msichana atakuwa nyanya. Wewe andika kumi na saba. Unaumiza nani?"

Wawira alikuwa hatua tatu kutoka kwetu, akinywa maji. Alisikia kila neno. Alitazama viatu vyake, akatingisha kile cha kushoto kana kwamba kuna jiwe ndani.

Niliandika kumi na saba.

Sababu ninazo, nami nitakupa kwa mpangilio niliojipa mwenyewe siku ile. Mhariri alitaka maneno mia mbili kabla ya saa kumi na moja. Kumi na mitano ingezaa maswali, maswali yangezaa simu, na simu zingenichelewesha. Mwalimu ndiye aliyemjua mtoto. Na katika nchi hii tunatafuta wachezaji wanaopunguza umri. Kila mashindano ya shule kuna mmoja anayefukuzwa ana ndevu. Anayeongeza hakuna anayemtafuta. Anayeongeza anaonekana kama mtu mwenye haraka ya kukua, na sisi hupenda mtoto mwenye haraka.

Sasa nikueleze jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu, hata baba yako. Habari hiyo ilitoka ukurasa mmoja na habari yangu nyingine, ndefu kuliko hiyo. Ilihusu makadamia. Mwaka ule wanunuzi walikuwa wakipita mashambani, Meru na Embu, wakiwaambia watu watikise miti kabla ya wakati. Wewe umekua na mti wa makadamia nyuma ya nyumba ya nyanya yako, unajua: makadamia haichumwi, huachwa ianguke yenyewe kisha huokotwa. Ukiwa na shaka, unapasua ganda la kijani na kulitazama upande wa ndani. Likiwa jeupe, bado. Likiwa la kahawia, tayari. Nilichuchumaa shambani kwa mama mmoja nikaazima kisu chake, nikapasua maganda manane, moja baada ya jingine, kabla ya kuandika neno "mbichi". Yule mama alinicheka. Aliniambia, "Huniamini? Moja si ingetosha?"

Nilitaka kuwa na hakika. Habari ilisomwa sana, na mhariri akanipigia kunipongeza kwa umakini. Juu yake, kwenye ukurasa uleule, kulikuwa na picha ya msichana na namba ambayo niliijua kuwa si yake.

Kilichofuata nilikijua baadaye, kwa vipande. Klabu iliomba cheti cha kuzaliwa. Wawira hakuwa nacho. Alizaliwa nyumbani, na mama yake hakuwahi kufuatilia. Lakini mama huyo alikuwa amekata habari yangu kwa wembe na kuiweka ndani ya Biblia. Mwalimu Njeru akaiazima. Ikapigwa pini nyuma ya fomu ya usajili. Afisa wa klabu akasoma jina, koma, kumi na saba, akapiga muhuri. Gazeti likisema, nani wa kubisha?

Kabla hajaondoka alikuja hapa Meru na timu ya shule kwa mechi ya mwisho, kwenye uwanja ulio karibu na Kinoru. Nilikuwa nimekubeba, ulikuwa na homa na hukutaka kushuka. Wawira alikuja akakushika kidole cha mguu. Akaniambia, "Madam, asante kwa kuniandika. Nairobi watanipa gongo mpya. Hili mpe huyu mdogo." Mama yake alikuwepo pia, amevaa sweta la kanisani. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniombea hapohapo kando ya uwanja, kwa Kiembu, na nilielewa vya kutosha kusikia jina langu na neno baraka.

Hivyo ndivyo gongo lilivyoingia nyumbani mwetu.

Mwaka wa pili nilitumwa Nairobi kuandika fainali moja. Wawira alicheza dakika zote. Alikuwa anafanya mazoezi na wanawake wa miaka ishirini na tano, ishirini na nane, mara tano kwa wiki, kwenye nyasi bandia zilizo ngumu kuliko udongo wowote wa kwao. Siku hiyo peke yake nilihesabu kona fupi saba, na zote saba alipiga yeye. Alifunga mbili. Baadaye nilikuwa chini ya jukwaa nikisubiri kumhoji kocha, nikamwona Wawira akiteremka ngazi. Aliteremka upande upande, kama kaa, mkono mmoja kwenye reli, akishusha mguu uleule wa kulia kila ngazi na kuuleta wa kushoto kando yake. Ngazi kumi na moja.

Nilimuuliza, "Mgongo?"

"Ni uchovu tu, madam. Usiandike."

Sikuandika. Niliandika mabao mawili. Nilijiambia kwamba nimeheshimu ombi la mchezaji. Alikuwa na miaka kumi na sita, Kendi, na mimi ndiye mtu pekee uwanjani pale, ukimwondoa yeye, niliyejua hivyo.

Msimu uliofuata jina lake halikuwa kwenye orodha. Daktari alikuta ufa mwembamba kwenye pingili ya chini ya mgongo, ufa wa kupiga mara nyingi mfupa ambao ulikuwa bado unakua. Alivaa mkanda miezi minane. Klabu ilimtumia salamu, kisha ikaacha. Shule alikuwa ameshaiacha kidato cha pili. Alirudi Embu. Hakuna gazeti lililoandika, langu likiwemo, kwa sababu mchezaji anayekoma huwa hana siku ambayo mtu anaweza kusema: leo amekoma.

Miaka tisa sikumtafuta.

Nimejiuliza kama ninakuandikia haya ili kukuzuia. Hapana. Nimeona wasichana wawili walioanza kucheza na wakubwa wakiwa na kumi na sita, na leo wana miili mizima na wanachekesha watu. Sitakwambia kila anayewahishwa huvunjika. Sijui ni wangapi wanaovunjika, na hakuna anayejua, kwa sababu sisi huwahesabu waliobaki uwanjani. Najua mmoja. Na huyo mmoja nina kipande changu kwenye karatasi zake.

Sasa kuhusu wewe.

Mwezi wa Januari nilipata paketi ya minji, yaani njegere, chini ya kitanda chako. Ilikuwa imetoka kwenye friza, imeyeyuka, imelowesha zulia. Nilijua mara moja ni ya kuutuliza mgongo kwa baridi. Hakuna msichana anayelala na minji kwa sababu anazipenda. Ulikuwa umerudi kutoka yale mashindano ya wikendi, ulipocheza mechi nne kwa siku mbili na timu ya watu wazima kwa sababu mpigaji wao wa kona alikuwa na harusi. Mimi ndiye niliyekuruhusu. Mimi ndiye niliyesimama kando ya mstari nikiwaambia wanawake nisiowajua kwamba yule namba sita ni wangu.

Niliichukua ile paketi nikapika minji na viazi. Ulikula ukitazama sahani. Nami nilitazama yangu. Baba yako akasema, "Leo kuna nini, mbona kimya kama msibani?" Wewe ukasema uko sawa, mimi nikasema niko sawa. Watu wawili waliojua, wakila ushahidi.

Ningekuuliza usiku ule. Kuuliza ndiyo kazi yangu. Nimewauliza magavana na wauaji. Nilinyamaza kwa sababu ungejibu, kisha ningelazimika kufanya kitu, na barua ya klabu ilikuwa imekuja Alhamisi iliyotangulia na nyanya yako alikuwa ameshaitangaza kanisani.

Wiki mbili zilizopita nilikwambia naenda Embu kikazi. Nilienda kwa Wawira. Ana miaka ishirini na saba, anasimamia duka la vifaa vya ujenzi karibu na stendi, misumari na rangi na mabati. Alinitambua kabla sijavua miwani.

"Madam! Leo umekuja na kalamu ama umekuja mikono mitupu?"

"Mitupu."

"Basi kaa. Mimi sikai sana, nitasimama. Nikikaa zaidi ya nusu saa huu mgongo unaniambia tabia yangu." Akamwita kijana wa mizigo alete chai, akamtania kwamba asipoharakisha atamtuma apime mchanga kwa kijiko. Kisha akanigeukia. "Umekonda. Ama ni dhambi?"

Nilimwambia ni dhambi. Nilimwambia yote niliyokuandikia hapa: Mwalimu Njeru na kamba yake, makadamia, ngazi. Aliposikia habari ya maganda manane alicheka mpaka akashika kaunta.

"Manane! Na mimi hukunipasua hata kidogo."

"Hata kidogo."

Mteja akaingia kutaka bawaba. Wawira akampa, akamrudishia chenji, akasubiri atoke. Kisha akasema kitu ambacho sikukitarajia, na nimekuwa nikikitafuna tangu siku hiyo.

"Kuna kitu hujui. Mwalimu Njeru hakutoa hiyo kumi na saba kichwani kwake. Mimi ndiye nilimwambia akuambie hivyo. Nilimlilia siku mbili. Nilikuwa nataka Nairobi vibaya sana."

Nitakuambia ukweli, Kendi: kwa sekunde chache nilihisi nafuu. Nilihisi mzigo ukisogea kutoka bega langu kwenda la mtu mwingine. Wawira aliona. Ana macho ya mtu aliyezoea kusoma kipa anaegemea wapi.

"Usifurahi haraka, madam. Nilikuwa na miaka kumi na tano. Mtoto wa kumi na tano kudanganya ili acheze, si hiyo ndiyo kuwa na kumi na tano? Mimi nilikuwa mtoto na nikafanya kazi ya mtoto. Nyinyi mlikuwa watu wazima. Kazi yenu mlimwachia nani?"

Nilikunywa chai. Ilikuwa na tangawizi nyingi mno.

Kisha akaanza kuniuliza habari zako. Unacheza namba gani, unapiga kona kwa mguu upi mbele, unalala vipi baada ya mechi. Nikamwambia kuhusu minji. Hapo akaacha utani.

"Inauma akiinama ama akinyooka?"

Sikujua.

"Akiamka asubuhi, ama jioni?"

Sikujua.

"Mama Kendi," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kuniita hivyo. Siku zote nilikuwa madam. "Hujamuuliza mtoto wako?"

Nimerudi kutoka Embu siku kumi na tatu sasa na bado sijakuuliza. Juzi nilikaribia. Ulikuwa unafunga kamba za viatu mlangoni, nikasema, "Kendi, mgongo wako," na wewe ukasema bila kuinua kichwa, "Mathe, tafadhali. Wewe unaogopa kila kitu kwa sababu umezoea kuandika ajali." Nikacheka. Ulikuwa na haki ya kunicheka. Lakini nilicheka kwa sababu umenifungulia mlango wa kutokea nami nikautumia.

Kwa hiyo leo Kocha Mutiso alipouliza miezi minne ni nini, sauti niliyoisikia ilikuwa ya Mwalimu Njeru ikiuliza unaumiza nani. Si watu wabaya. Mwalimu Njeru aliwapenda wasichana wale; aliwanunulia viatu kwa mshahara wake. Mutiso naye nadhani anakupenda, na timu yake haina mpigaji wa kona. Kila mmoja wao ana haraka yake. Yako ni kubwa kuliko zao zote. Na ndiyo maana fomu ina nafasi ya mzazi.

Hukujua hilo, au pengine ulijua. Ukiwa na kumi na minane, sahihi yangu haihitajiki. Ukiwa na kumi na saba, inahitajika. Miezi minne ndiyo tofauti ya mimi kuulizwa na kutoulizwa. Mutiso alinitumia nakala mbili kwa barua pepe, moja aliyoijaza na moja tupu, endapo ya kwanza ingeharibika. Saa tisa na nusu nilishuka hadi kwa yule kijana wa saiba ya intaneti aliye mkabala na duka la dawa, nikachapisha ile tupu. Nilikuona ng'ambo ya barabara na wenzako, mnacheka, soksi mkononi. Hukuniona.

Nimeijaza kwa wino. Kwenye umri nimeandika kumi na saba. Kuna mstari unaouliza majeraha ya awali. Kwenye nakala yake Mutiso aliandika "hakuna". Mimi nimeandika: maumivu ya kiuno tangu Januari, hayajapigwa picha. Chini yake nimetia sahihi. Nimekuruhusu kwenda, kufanya mazoezi na kucheza na wa umri wako. Kucheza na wakubwa sijakuruhusu mpaka mfupa upigwe picha na daktari aandike anachokiona.

Kisha nikampigia Mutiso na kumsomea nilichoandika, neno kwa neno, kama ninavyowasomea watu maneno yao kabla hayajachapishwa. Akasema, "Basi atakaa benchi na watoto, mama. Na safari ya Mei hatakwenda." Nikasema nimesikia. Akasema, "Na atakulaumu." Nikasema hilo nalo nimesikia. Mwishoni alisema atakutafutia daktari, na aliposema hivyo sauti yake ilikuwa imeshuka. Sikujua niiandike kama hasira au kama nafuu, kwa hiyo siiandiki.

Najua jezi hiyo unaitaka kiasi gani. Nilikusikia ukiwaambia wenzako namba yake kwenye simu, ukiwa bafuni, maji yakiwa yamefunguliwa ili nisisikie. Najua pia kwamba kuna njia ya kuzunguka nilichofanya. Mutiso ana nakala yake ya kwanza, na unaweza kumwambia mama yako amechanganyikiwa. Sitakuwepo. Nilifikiria kukusindikiza mpaka ofisini nisimame mlangoni, lakini ningekuwa ninalinda karatasi tu, na karatasi si kitu ninachokiogopa.

Uniwie radhi kwa minji. Ya Wawira siwezi kukuomba wewe. Hiyo nimemwomba yeye, na alisema ataifikiria. Hakusema amesamehe. Ninamheshimu kwa hilo.

Na kwa kuwa sikukuuliza kwa mdomo, ninakuuliza hapa, kwa mwandiko wangu: inauma ukiinama au ukinyooka? Asubuhi au jioni? Usinijibu mimi kama hutaki. Kesho gari lenu litasimama Embu kwa dakika ishirini, saa sita na nusu hivi. Wawira atakuwa stendi. Utamjua, yeye ndiye atakayekuwa amesimama huku wengine wamekaa. Ameomba ulete lile gongo fupi alione lilivyokatwa. Nimelifunga kwenye gazeti na kuliweka kando ya begi. Mjibu yeye.

Jumatatu saa tatu asubuhi unatakiwa ofisi ya klabu, ghorofa ya pili, na fomu niliyoikunja ndani ya bahasha hii. Hakuna lifti, nimeuliza. Ukimaliza, teremka ngazi ukiwa umetazama mbele.

Mama